Bunduki ya Pipi
Kila Jumamosi mzee mmoja, jirani wa Bi Verna, huenda nyuma ya ghala lake la tumbaku na bunduki begani, mdomo umejaa pipi zilezile anazoshindilia kwenye maganda ya risasi badala ya marisau, vile vigololi vya risasi. Vidole vyake vinene hunata sukari, naye huvipangusa kwenye suruali kabla ya kulenga boga. "Sayansi hiyo, Bi Verna!" hupaza sauti. Verna, anayeanika nguo ng'ambo ya uzio, humjibu, "Sayansi gani, babu mzima unapigana na boga?" Na kwa kawaida boga ndilo hushinda. Jumamosi moja alifyatua, bunduki ikanyamaza. Akaigeuza, akachungulia mtutu kwa jicho moja kama mlevi anayekagua chupa. "Toa kichwa hapo, zuzu wewe!" Verna akapiga ukelele. Mzee akageuka kumtazama, na papo hapo bunduki ikafyatuka, ikamng'oa kofia. Verna alishikilia uzio kwa mikono miwili. Jirani aliiokota kofia iliyotoboka, akapitisha ulimi kwenye ungaunga wa pipi uliomganda masharubuni, akatafakari. "Ndimu," akasema. "Pipi ya ndimu inaruka vizuri kuliko tofi."