Lipu Juu ya Kitanda cha Bi Saleha

Vuai aligonga dari kwa mpini wa nyundo, na dari ikamjibu vibaya. Kwingine kote ilikuwa imetoa sauti nzito ya zege. Hapa, juu ya kitanda cha Bi Saleha, ililia kama mtungi mtupu. Akagonga tena, taratibu, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Lipu ya zamani ilikuwa imeachana na zege, ikatuna kama tumbo.

Nyumba kuukuu za Bani Malik, hapa Jeddah, hazijui kunyooka. Vuai alikuwa ameshajaza maji kwenye mpira wa kupimia, akatafuta usawa ukuta kwa ukuta, akavuta uzi chini ya dari. Mbao za dari mpya hufuata pale dari ya zamani iliposhuka zaidi. Kwingine hujazwa kabari mpaka zote zilingane, ndipo bodi za jipsamu zipigwe skrubu. Na dari ilishuka zaidi pale kwenye tumbo. Lakini ile haikuwa dari, ilikuwa lipu inayongoja kuanguka. Fundi mwaminifu huibandua kwanza, kisha hupima upya kutoka kwenye zege lenyewe.

Kuibandua ni kazi ya kutwa, na basi la Riyadh lilikuwa linaondoka alasiri. Kesho yake Safa, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa huko huko Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, na walii wa kumwozesha ni yeye Vuai.

"Vuai!" Bi Saleha, shoga wa marehemu mama yake, aliita kutoka ukumbini, alikokuwa akilala chini kwenye godoro tangu kazi ianze. "Unajenga ama unabisha hodi kwa malaika?"

"Napima, Mama."

"Pima umalize, halas! Magoti yangu yamechoka na sakafu. Majirani wote nishawaambia, leo nalala chumbani kwangu kama bibi harusi."

Angeweza kumwambia asubiri mpaka arudi. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza, kwa kuwa alikwishaahidi na hakutaka kuitwa fundi maneno. Akapitisha mbao juu ya lile tumbo, akalifunika. Kazi ilipokwisha dari ilikuwa sawa kama meza. Bi Saleha akaingia, akatazama juu, akamwombea dua ndefu. Vuai alishindwa kuitikia amina.

Dari ni sitara, na sitara ni jambo jema. Lakini anayefunika hatari juu ya kichwa cha mwenzake hajamsitiri, amemdanganya.

Ndani ya basi hakupata usingizi. Akikaa upande huu anahamia ule, akifumba macho anaisikia ile sauti tupu. Kwenye sebule ya wakwe, huko Al-Suwaidi, shingo yake haikutulia, kila mara macho darini.

"Bwana Vuai," baba wa bwana harusi alimtania, "unatafuta nini huko juu? Mkweo yuko huku chini!"

Watu wakacheka. Vuai akaushika mkono wa kijana na kumkabidhi binti yake mbele ya mashahidi, na sauti ikamkatika katikati. Wakadhani ni huruma ya baba. Yeye alijua ni nini. Alikuwa akiomba binti yake atunzwe, ilhali mama wa watu amemlaza chini ya lipu mbovu. Mara tu nikaha ilipofungwa alitoka kibarazani, akapiga simu.

"Mama, toka chumbani."

"Nitoke niende wapi, na ndiyo kwanza najinyoosha? Nambie ya harusi."

"Imefungwa. Mama, juu ya kitanda chako kuna lipu iliyoachia. Niliisikia, nikaifunika. Toka, nakuomba."

Hakusikia tusi. Alisikia kitanda kikilia, kisha kandambili zikiburuzwa sakafuni.

"Nishatoka," alisema Bi Saleha. "Sasa wewe rudi."

Safa alimkuta mlangoni, ameshautia mfuko wake begani. "Baba! Biriani hata haijapakuliwa!"

"Fungu langu kula wewe, mwanangu. Kuna kazi nimeiacha vibaya."

Aliporudi Jeddah alikisogeza kitanda kwanza, ndipo akapanda ngazi. Alipolegeza skrubu za bodi ya kwanza, bodi ikapinda mikononi mwake, na lipu ikashuka nayo, mapande kwa mapande, pale pale palipokuwa na mto. Vumbi lilipotua Bi Saleha alikuwa amesimama mlangoni, ameziba pua kwa ukaya wake wa kichwani.

"Lile pande kubwa usilitupe," alisema.

"La nini, Mama?"

"Nitaliweka hapa mlangoni. Kila fundi atakayeingia nitamwonyesha, kabla sijampa chai." Akageuka kwenda zake. "Na wewe leo chai hupati."

Vuai akapanda tena ngazi. Alibandua lipu yote iliyobaki, akajaza maji mapya kwenye mpira, akaanza kugonga zege kona hadi kona, kwa nguvu, ili na Bi Saleha asikie.