Kigelegele Katikati ya Wimbo

Sisi tuliokulia kwenye zile ghorofa za Thorncliffe Park, huku ughaibuni, tulimjua jirani kwa harufu ya jikoni kwake. Ukitoka kwenye lifti, kulia pilau, kushoto bajia, kwetu maandazi ya iliki. Mlangoni mabuti ya theluji yanavuja maji, na ndani Mama anasukuma chapati huku akiimba ule wimbo wake usio na maneno: tarara-ra, tarara-ra, anaukatiza, anapiga kigelegele, anaendelea.

Ulikuwa rock na roll ya zamani, saksafoni na gita tu. Mama alisema Wamarekani walioupiga hawakuutegemea, wakauweka upande wa pili wa santuri, na huo ndio watu wakaupenda. Santuri ikafika Tanga, bendi ya mjomba wake ikaupiga kila harusi. Mimi mambo ya muziki sikuyasomea, huenda historia hii ina matundu. Naandika nilivyoambiwa.

Basi nikiwa darasa la sita (dada yangu anabisha, anasema la saba), mwalimu wa muziki akatuchagulia wimbo uleule kwa tamasha la shule. Mimi nilikuwa mpiga saksafoni. Mazoezini tulipofika pale katikati Mama anapokatiza, nikashusha saksafoni, nikapiga kigelegele.

"Kengele ya moto hiyo, tokeni nje!" akapiga kelele mpiga ngoma wetu. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu, nisimwonee, hakucheka. Alituwekea rekodi yenyewe, na pale palikuwa kimya tu. Kumbe miaka yote niliamini kigelegele kimo ndani ya wimbo!

Nikarudi nyumbani nimevimba. "Mama, ukipiga kigelegele siku hiyo, naacha muziki."

"Haya, mwanangu. Nitaubana mdomo."

Siku ikafika, ukumbi umejaa wazazi. Mama kajifunga kitenge juu ya koti zito. Tukapiga vizuri mpaka pale. Mwalimu akainua mkono. Kimya. Nikamwona Mama, mashavu yamejaa, kiganja kimeziba mdomo, macho yanamtoka. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikakipiga mwenyewe, chembamba, kama paka aliyekanyagwa mkia.

Mama akaachia! Jirani yetu Msomali akampokea, kisha safu nzima ya kina mama nyuma. Mwalimu akasahau mkono wake hewani. Alipoushusha, tuliupiga ule wimbo kama wenye nyumba, na ukumbi ukadai tuurudie.

"Mjomba angekuwepo," Mama alisema njiani, "angevunja kiti."

Watoto wa leo wana nyimbo zote za dunia kwenye simu, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Unamwita akale, unamwita tena, wapi. Nisiwasingizie, sisi nasi tuliitwa kwa Kiswahili tukaitika kwa Kiingereza. Lakini wimbo wetu ulisikiwa na nyumba nzima.

Majuzi nilimtafutia mwanangu ile rekodi. Ilipofika kwenye kimya, akachomoa kidude sikioni, akageuka kumtazama bibi yake jikoni.

Bibi hakumchelewesha.