Kabati Lililolazwa Ubavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na minne na mgongo ulionyooka. Sasa nina kumi na sita na nimestaafu. Ninyi mliotua London majira haya ya baridi, mnaotetemeka uwanjani mwa shule kama vifaranga walionyeshewa, sogeeni niwaeleze jinsi kazi ilivyofanywa zamani zetu.

Kazi yenyewe iliitwa kugeuza. Hapa Queensbury, nyuma ya kanisa, kuna ukumbi ambao Waislamu na Wahindu waliotoka Mombasa waliukodi pamoja, maana hakuna upande ulioumudu peke yake. Ijumaa mchana ulikuwa msikiti. Ijumaa hiyo hiyo jioni ulikuwa hekalu. Katikati nilikuwa mimi, Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, Mkatoliki. Pande zote mbili ziliniamini kwa sababu zote zilikubaliana kwamba nimepotea.

Asubuhi kabla ya shule nilitandika mikeka kufuata mstari wa chaki unaoonyesha kibla. Ililala mshazari, kwani aliyejenga ukumbi hakuwa ameifikiria Makka. Baada ya shule niliikunja, uso kwa ndani usipate vumbi, nikatundika picha za miungu, nikawasha vijiti vya ubani. Wahindu wakishamaliza kuimba nilifungua madirisha yote, theluji iwepo isiwepo, ili Jumapili Wakristo wenzangu wasikohoe. Kila Ijumaa niliubadilisha ukumbi dini, na hakuna aliyewahi kuniita mhubiri.

Nilikuwa na wakubwa wawili. Mwenyekiti wa Mchana, Mzee Kassam, alikuwa na duka la vitambaa Mombasa. Mwenyekiti wa Jioni, Mzee Jayanti, naye alikuwa na duka la vitambaa Mombasa, mkabala na lile la Kassam. Hapa London wote wawili walifunga maboksi kiwandani, zamu moja ya usiku, na kila mmoja alifika ukumbini na macho mekundu. Wao kwa wao walizungumza Kigujarati. Kunigombeza mimi walitumia Kiswahili, na wakishapata moto walisahau kurudi kwenye Kigujarati.

"We Mgoa," Mwenyekiti wa Mchana aliniambia siku ile ya kwanza, "kanyaga mkeka na viatu uone. Padri wako atakuzika."

"Na ukimwangusha mungu wangu Ganesha," akadakia wa Jioni, "hata huyo padri usimsubiri."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi.

Vifaa vyote vilikaa katika kabati moja kando ya jukwaa: picha rafu ya juu, mikeka rafu ya chini. Kwa muda mrefu hakuna aliyejali. Kisha redio ikatangaza kwamba huko India watu wameuana kwa ajili ya nyumba ya ibada. Wazee wetu wale walizaliwa Mombasa, India waliijua kwa hadithi tu. Lakini Ijumaa ile kila mtu alikuja na India yake mfukoni.

Nilikuwa nakunja mikeka. Mzee Kassam akalitazama kabati kana kwamba limeletwa jana.

"Mikeka ya sala chini ya masanamu? Nani aliamua?"

"Ulitaka miungu ikae chini ya miguu yenu?" Mzee Jayanti akajibu.

"Ndivyo mlivyo. Mkipewa rafu mnataka nchi."

"Nchi ya India aligawa nani? Mimi? Nilikuwa Mombasa nauza kanga! Na wewe usinifundishe dini, Kassam. Babu wa babu yako alikuwa Mhindu, ukoo mmoja na wangu."

"Akaona mwanga."

"Akaona mwanga, akaacha sahani za mama yake bila kuoshwa!"

Watu wakaanza kusukumana. Padri, mwenye ukumbi, akaja mbio akasema kwa Kiingereza kwamba akisikia makelele tena, wote nje. Kila mtu alimwelewa. Ukumbi ungepotea, wazee hawa wangesalia wapi? Kituo cha basi?

Wakaenda kubishania uani, wakaniacha na kabati. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na mtihani wa hesabu Jumatatu na sikuwa nimesoma hata ukurasa. Nikatoa kila kitu, nikalikumbatia lile kabati na kulilaza ubavu, na hapo ndipo mgongo ulipolia kha! Rafu ikawa ukuta wa katikati. Hakukuwa tena na juu wala chini. Picha nikazitia upande mmoja, mikeka upande mwingine.

Wakarudi, wakalitazama sana.

"Nani yuko kulia?" akauliza Mzee Kassam.

"Inategemea, Mzee, umesimama mbele yake au nyuma yake."

Mzee Jayanti akacheka kwanza. Mwenzake akanuna: "Baniani mbaya."

"Na kiatu changu dawa. Ulikivaa siku ya harusi yako, mpaka leo hujakirudisha."

Wakakaa juu ya kabati, kila mmoja upande wake, wakanywa chai ya chupa moja. Jioni ile waliimba kama kawaida.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Wazee walinyamaza, vijana wao hawakunyamaza. Kila redio ilipofunguliwa, upande mmoja ulihesabu misumari ya picha zao kama imeng'olewa na mwingine ukanusa mikeka kama ina ubani. Mwishowe Waislamu wakapata chumba juu ya duka huko Walthamstow, wakaondoka. Ukumbi uliobaki na dini moja hauhitaji mgeuzaji. Ndivyo nilivyostaafu: bila zawadi ya saa ya ukutani, bila hotuba.

Siku ya mwisho nilimsaidia Mzee Kassam kubeba mikeka hadi kwenye gari. Hakumuaga mwenzake, wala mwenzake hakutoka nje. Niliporudi, Mzee Jayanti alikuwa amekaa juu ya kabati, upande wake.

"Sasa ni lenu peke yenu," nikamwambia. "Nilisimamishe?"

"Liache."

"Basi nizitandaze picha, zimebanana."

"Upande ule usiweke kitu."

"Mzee, wameondoka. Wamechukua hata chaki."

Alijikuna shingo. Zamu ilikuwa imemchosha, au kitu kingine.

"Hawa waliondoka kwetu zamani, enzi za babu wa babu yake Kassam," akasema. "Kisha nikafungua duka Mombasa, nani akaja kufungua mbele yangu? Watu hawa hawajui kuondoka, kijana. Pangusa vumbi, ufunge mlango."

Nikapangusa, pande zote mbili.