Popo katika Tembe la Rahabu

Wifi yangu Rahabu alikuwa na mdomo, na kwa mdomo huo tulikula uwele. Alipopiga yowe juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kwelea, wale ndege waharibifu wa nafaka, waligeuka hewani kabla hawajatua; aliwasikia wakija hata kabla hatujawaona. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Kintinku, mwenyekiti alimkabidhi yeye ulinzi wa shamba la kijiji, akatuachia sisi wengine kuchimba vyoo. Niliona wivu, sikatai.

Mwaka 1975 aliugua kifua kikuu. Alichomwa sindano kila siku kwa miezi, akapona, hata akanenepa. Ila alianza kutazama sana midomo ya watu, na ukimsalimu kwa nyuma haitikii. Nilidhani ni maringo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nikasema moyoni.

Ndipo akaja Urbano, kijana mtafiti wa popo. Popo walikuwa wamejaa katika tembe la Rahabu, nyumba yake ya udongo kule mahame, tulikoambiwa tuhame, na sisi wawili tukampeleka. Ndani ya tembe ni giza hata mchana. Urbano alifunga nyuzi toka ukuta hadi ukuta, akawasha kurunzi, akamwachia popo mmoja. Popo akapita katikati bila kugusa hata uzi. Urbano akamkamata, akamziba masikio kwa nta, akamwachia tena. Safari hii aligonga uzi, akagonga ukuta, akaanguka miguuni petu akitweta.

"Gizani hategemei macho, mama," Urbano alimweleza Rahabu. "Anatoa sauti nyembamba tusizozisikia sisi. Zinagonga kitu, zinamrudia sikioni, ndipo anajua pa kupita."

Rahabu alimkazia macho mdomoni. "Ukitoa nta?"

"Atasikia kama kawaida."

"Na kama si nta? Kama ni sindano za kifua?"

Kumbe hayakuwa maringo. Kwelea walikwisha kuonekana upande wa Manyoni, makundi kwa makundi, na uwele wetu ulikuwa unakomaa. Ukiliwa, kijiji kizima kingelala njaa. Na kesho yake Rahabu alitakiwa kupanda dunguni.

"Nipime, mwanangu," alisema. "Nikisikia nitainua mkono. Nisiposikia, kesho apande wifi yangu huyu."

Akageukia ukuta, akafumba macho.

Urbano alipiga makofi nyuma yake. Kisha akaokota debe tupu, akaligonga kwa jiwe, polepole kwanza, halafu kwa nguvu zake zote, hadi vumbi likadondoka na popo wakabanduka kwenye boriti. Masikio yangu yaliuma. Dungu nililolitamani miaka yote sikulitaka tena. Nilitaka mkono ule uinuke tu.

Urbano akashusha jiwe, akanitazama.

"Basi anza, mwanangu," alisema Rahabu. "Mimi niko tayari."