Vifuniko Viwili kwenye Maabara ya Dada

Dada yangu anasomea dawa chuo kikuu. Likizo iliyopita mama alinitupa kwenye maabara ya dada, nisibaki nyumbani Old Kampala nikiwachokoza majirani. Msichana mzima wa sekondari, kazi yangu kuosha chupa!

Dada alikuwa ametengeneza dawa ya saratani iliyovishwa kinyago. Nje ya seli ni kama maji ya bomba tu. Ikiingia ndani, kimeng'enya fulani kinaivua kinyago, ndipo inaua. Alikuwa na visahani viwili vya seli: kimoja cha seli zenye kimeng'enya hicho, kingine cha zisizo nacho. Kwa macho ni mapacha. Ijumaa mwalimu wake angeona matokeo, aamue kama dawa iendelee au iachwe.

Jumatano dada akaenda kuswali. Nikaona ameandika majina juu ya vifuniko, si kwenye visahani vyenyewe. Nikavibadilisha vifuniko, utani tu. Nikaogopa, nikarudisha. Nikacheka, nikabadilisha tena... au ndiyo hapo niliporudisha? Aliporudi, akavitia dawa vyote viwili kabla sijafungua mdomo.

Ijumaa asubuhi akainamia darubini. Seli zilizokufa zilikuwa chini ya kifuniko kilichoandikwa "bila".

"Banange! Imeua zisizo na kimeng'enya?"

Nikamwambia. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Ulibadilisha mara ngapi?"

"Mbili. Au tatu."

"Wewe mtoto!"

"Lakini dada, mbona rahisi? Zilizokufa ndizo zenye kimeng'enya."

"Umejuaje?"

"Si zimekufa?"

"Na kwa nini zimekufa?"

"Kwa sababu zina kimeng'enya."

"Haya. Umejuaje?"

Mpaka leo sijui nilipotelea wapi. Jibu nililiona pale pale, naye akavitupa visahani vyote viwili.

Kisha akampigia mwalimu. "Niliandika kwenye vifuniko," akasema. "Naomba wiki mbili nirudie." Akasikiliza kwa muda mrefu, akibonyezabonyeza kalamu. "Ndiyo, mwalimu. Mara moja tu. Nimeelewa."

Mimi hakunitaja.

"Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Aliyeandika kwenye vifuniko ni nani?"

Akageuza kisahani kitupu juu chini, akanipa kalamu. "Andika hapa kwenye kitako. Polepole."

Nikaandika. Hata mzaha sikufanya, na sijui kwa nini.