Mama Ngazi na Kikao cha Ghorofa ya Nne

Alipofika kwetu kutoka nchi ya mbali alikuwa na begi moja tu, na kazi aliyopata ni kudeki ngazi za jengo letu. Tukamwita Mama Ngazi. Lifti ilishakufa zamani, kwa hiyo kila asubuhi alipanda na ndoo hadi kwangu, ghorofa ya nne, akapumzika kwenye stuli yangu.

Magoti yangu yalishanigomea. Shoga yangu anaishi chini, na yake ndiyo mabovu zaidi. Tulizungumza kwa kupigiana kelele dirishani, mpaka kunguru wa mtaa wakazijua siri zetu zote. Niliogopa kitu kimoja: mmoja wetu afe kabla hatujakaa tena kitako pamoja.

"Bibi, mimi nitakushusha," Mama Ngazi aliniambia siku moja.

"Kwa ndoo?"

"Kwa sheria."

Nilicheka hadi meno ya bandia yakaruka yakang'ata pazia.

Miaka ikapita. Akapata uraia, akawa diwani, kisha akagombea ubunge. Wapinzani wakabeza, "Huyu wa kuja atatuambia nini?" Wazee tukajibu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akashinda.

Huko bungeni akapeleka muswada: jengo lenye wazee liwe na lifti inayofanya kazi. Mwenyekiti wa kamati akasema wazee wafanye mazoezi tu. Mama Ngazi hakubishana. Aliomba kikao kinachofuata kifanyike kwangu.

Wakaja na suti zao. Mmoja alivua koti ghorofa ya kwanza, mwingine akavua tai ghorofa ya pili. Mwenyekiti, kitambi mbele, alifika akihema kama mvukuto. Jasho lake lilijaa beseni, nikamwagilia maua wiki nzima.

"Mama, naomba maji."

"Maji yako chini, mwanangu. Fanya mazoezi."

Mama Ngazi aligeukia ukuta asicheke.

Muswada ukapita. Lifti ilipofufuka, alinishika mkono mpaka mlangoni kwa shoga yangu, ambaye alinikagua toka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe umezeeka hivyo!"

"Na wewe je? Dirishani ulikuwa unanidanganya!"

Tukakumbatiana, tukalia kama watoto.

Nilipogeuka kumshukuru mbunge wangu, nilimkuta ndani ya lifti, anafuta alama za vidole kwenye kioo kwa ncha ya mtandio wake.

"We mheshimiwa, acha!"

"Mazoea, bibi."

Mungu ampe magoti ya chuma.