Mkono Uliobaki Begani

Muoki alikuwa mpiga picha wetu wa Kaloleni, mtu wa kwaya, nadhifu, kucha safi kila siku. Studio yake ilipakana na kibanda changu cha kushonea, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Kwa wembe na rula hakuwa na mpinzani. Mtu akifa, familia ilimletea picha ya kundi, naye akamtoa marehemu peke yake, akamkuza na kumtia fremu ya kuweka mezani siku za matanga. Nilikuwa nikimsifu. Siku hizi hata jina lake sitaki kulisikia.

Mwaka wa 1994 alifariki Kweyu wa reli. Alikuwa ameishi na Nafula miaka tisa, lakini hawakujaliwa mtoto, na nduguye Shiundu akaamua kwamba huyo si mke na hatazika mtu. Akaing'oa ukutani picha pekee ya wawili hao, akaja nayo studio.

"Mtoe huyu mama," akasema. "Bakisha ndugu yangu na suti yake."

Muoki alimjua Nafula. Chapati zake alizila miaka yote. Nikaingia nikamuuliza kama haoni haya.

"Mimi ni kazi tu, dada," akanijibu, wembe ukishuka.

Nilitaka kumtemea mate. Nafula wa pichani akaanguka sakafuni, akafagiwa pamoja na takataka. Lakini alikuwa ameweka mkono begani kwa mumewe, na kuutoa ni kuharibu suti. Muoki akauacha, akidhani utapita kama mkono wa mtu yeyote. Alisahau kwamba mashine ya kiwandani ilimkata Nafula nusu ya kidole cha shahada, na mtaa mzima unakijua kidole hicho.

Jioni ya matanga pale holini, Nafula aliketishwa nyuma, karibu na mlango. Mama Nerima, mzee wa kanisa, akaiinamia ile picha mezani.

"Mkono huu tunaujua," akasema. "Nafula, mama, njoo ukae mbele."

Shiundu akatazama viatu vyake. Nikafurahi, nikadhani yameisha.

Asubuhi yake Shiundu akarudi studio na fremu kwapani. Nilimsikia Muoki akisema, "Nikikata hapa tutabaki na uso tu."

"Uso unatosha."

Muoki akakata. Picha iliyosafiri na jeneza kwenda kuzikwa kwao Busia ilikuwa uso mtupu, hauna hata shingo, kama wa mtu anayetafutwa na polisi. Nafula alizuiwa mlangoni mwa basi la mazishi, na Muoki alikuwa ndani, akiimba na kwaya.

Nilikiokota kile kipande kwenye uchafu wake, nikampelekea Nafula. Bega la mumewe na mkono wake mwenyewe, basi. Akakifunga kwenye pindo la leso.

Muoki aliporudi aliniletea shati lake la kwaya nilitie kifungo. Liko hapa mpaka leo, na kifungo sijatia.